Mguu wa Kukanyaga Breki

Mtaani walimwita Bado Kidogo, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Ukipita mbele ya nyumba yake ukamkuta mlangoni mwa gereji, spana mkono mmoja na kitambaa cha mafuta mkono wa pili, ukamwuliza, "Mzee, gari linatoka lini?" alikujibu, "Bado kidogo." Mwaka ule bado kidogo, na uliofuata bado kidogo. Watu wakachoka kuuliza, jina likabaki.

Si kwamba alikuwa mvivu, tusimsingizie mtu. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, na maisha yake yote ya kazi aliyamalizia mbele ya mashine ya kukata karatasi. Mashine ile ilikuwa na kelele za kuua masikio, na ya kwake iliyaua nusu. Kwa hiyo alizungumza kwa kupaza sauti popote alipo, hata msibani, na akikunong'oneza siri, watu wa ng'ambo ya barabara walitikisa vichwa kwamba wamesikia. Lakini mikono yake ilikuwa ya mtu wa vipimo. Alichokipanga kilipangika, alichokikata kilikatika sawasawa, na kitu kikipinda hata unywele mmoja hakupata raha mpaka kinyooke.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango minne, lenye taa za mviringo na pua butu, la rangi iliyokuwa zamani ya maziwa. Alilinunua likiwa kuukuu, wakati binti yao wa pekee bado anatambaa. Likampeleka mtoto shule, likampeleka mama sokoni, likawabeba wagonjwa wa mtaa mzima hospitali, na kila jioni mwenyewe alikuwa chini yake, anakaza hapa, analegeza pale. Alipostaafu, nalo likastaafu. Asubuhi moja liligoma kabisa, wakalisukuma gerejini, likageuka kabati: ndoo juu ya boneti, magunia kwenye viti vya nyuma, na paka wa jirani akaingia kwenye buti akazaa humo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alianza kulifumua baada ya mkewe kuondoka. Na hapa sharti nieleze vizuri, maana mtaani walizusha mengi. Mkewe hakufukuzwa wala hakutoroka. Binti yao alikuwa ameolewa katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, akajifungua, na mama akafunga mzigo wake. "Naenda kumsaidia mtoto mpaka anyanyuke," alisema. Mtoto akanyanyuka. Kichanga nacho kikakaa, kikatambaa, kikatembea, kikafika umri wa kujibizana na watu wazima, na bibi yake yuko kule kule. Kwenye simu mumewe akimwuliza anarudi lini, alijibu kwa upole, "Tutaona, baba."

Hapakuwa na ugomvi. Heri ungekuwapo! Ugomvi una mlango, watu huuingilia wakausuluhisha. Hili halikuwa na mlango. Ungemwambia nani kwamba mkeo ni mwema kwako, anakupigia simu kila wiki, anakuuliza kama umekula, na wala harudi?

Basi asubuhi moja Bado Kidogo aliondoa ndoo juu ya boneti, akamfukuza paka, akalitazama gari lake kwa kitambo. Alikata shauri. Atalivua lote mpaka libaki mifupa, alisafishe, alifunge upya, na siku litakapotembea atampigia mkewe simu na kumwambia njoo, nitakupokea stendi mimi mwenyewe. Moyoni alijiambia kwamba mama akiliona gari limesimama vile, linang'aa kama siku lilipoletwa, atakumbuka nyumba yake na atabaki. Hilo ndilo alilolitaka, na zaidi ya hilo hakutaka kitu. Kutu, msasa, rangi, vyote vilikuwa njia tu.

Gereji ilikuwa ndogo, kwa hiyo gari likahamia ndani ya nyumba kipande kwa kipande. Milango minne iliegemezwa ukutani kwenye ujia, imepanga foleni kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Kabureta ilikaa juu ya meza ya chakula, kwenye sinia. Radieta ilipewa chumba cha binti. Viti vya gari vikachukua sebule, viti vya sebule vikapelekwa uani, na mzee akawa anatazama televisheni akiwa amekaa kiti cha dereva, mguu wa kulia ukitafuta mafuta ya kukanyaga. Palibaki sehemu moja tu ambayo hakuigusa, upande wa mkewe kitandani. Hapo hakuweka hata nati.

Alikula kwa kusimama, sufuriani, kijiko kimoja na sufuria moja, akaviosha hapo hapo. Mchana alikuwa hodari kweli. Alipiga msasa, akapaka puti, akasugua tena mpaka bati likawa laini kama shavu. Jioni ndipo mambo yalipomwendea kombo. Jua likizama alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaingia ndani, na nyumba ikamshinda. Mtu mwenye masikio mazito ungedhani kimya hakimsumbui. Kilimsumbua sana. Alifungua televisheni kwa sauti ya mwisho kabisa, hakuisikia vizuri, hakuifuata, lakini hakuizima.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa fundi cherehani, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye meza yake ya kazi ilikuwa kwenye kibaraza kinachotazamana na gereji. Huyu ndiye aliyekuwa mtu wake wa kusemezana naye, na kusemezana kwenyewe kulikuwa kwa kurushiana vijembe juu ya ukuta.

"Mzee," fundi angemwambia, "mimi nikifumua suruali hivyo, mwenyewe ananipeleka polisi."

"Shona!" angejibu Bado Kidogo. "Suruali zako zenyewe zinafumuka bila kufumuliwa."

Siku ya kurudisha injini, fundi aliwaita wateja wake waliokuwa wakisubiri nguo, wakaingia wakashika kamba, wakanyanyua, wakaishusha mahali pake, wakapongezana wee. Kwa robo saa gereji ilikuwa na watu, na mzee alicheka mpaka fizi zikaonekana. Kisha kila mmoja akachukua nguo yake akaenda. Injini ikakubali kuwaka siku chache baadaye. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi wa aibu, ikatulia ikavuma. Alisimama mbele yake akiwa ameweka kiganja juu ya boneti ili aisikie kwa mkono, maana kwa sikio aliipata nusu nusu. Alitazama huku na huku amwonyeshe mtu. Hakukuwa na mtu, hata fundi siku hiyo alikuwa ameenda kununua nyuzi.

Zikabaki breki tu.

Sasa kwa yule ambaye hajawahi kulala chini ya gari nieleze. Ndani ya mirija ya breki hutakiwa yawemo mafuta matupu. Ukiifungua mirija hiyo, upepo huingia, na upepo ukiingia, ukikanyaga pedali inazama hadi sakafuni kama umekanyaga mto wa kulalia, na gari halisimami. Kwa hiyo lazima upepo utolewe, gurudumu kwa gurudumu, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali na kuishikilia. Wa pili yuko chini, analegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta yanaruka na mapovu yake, anaikaza. Hapo ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema kabla nati haijakazwa, upepo unafyonzwa ndani tena na mnaanza upya. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hatoi upepo.

Miaka yote ile mguu wa juu ulikuwa wa mkewe. Mtaa mzima uliijua siku ya breki kwa kelele zake.

"Kanyaga!" mzee alinguruma kutoka chini.

"Nimekanyaga!" mama alijibu, na kwa sababu ya masikio yale naye alilazimika kupiga kelele.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Achia!"

"Nimeachia!"

Watoto wa mtaani walikuwa wakiigiza mchezo huo barabarani, mmoja analala chini, mwingine anakaa juu ya tofali. Na mama alikuwa na mguu kweli. Alikuwa akikanyaga mara moja tu anasema, "Bado, baba, huku nyuma kuna upepo," na mume, pamoja na ujuaji wake wote, alirudi nyuma bila ubishi.

Fundi cherehani aliposikia kwamba zimebaki breki, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, amevua na viatu. "Mzee, mimi nimekanyaga cherehani tangu ujana wangu. Mguu kama huu utaupata wapi?"

"Huo ni mguu wa nguo," mzee alisema. "Nenda kashone."

"Sasa utamsubiri nani?"

"Mwenyewe."

Fundi alimtazama, akavaa viatu vyake polepole, hakutania tena siku hiyo. Alikuwa na akili zake yule bwana. Alijua, na mzee pia alijua, kwamba njia za kufanya peke yako zipo. Unaweza kuyaacha mafuta yashuke yenyewe taratibu na kuyasukuma mapovu nje, ukiwa na subira, na Bado Kidogo alikuwa na subira ya kuuza na ya kubakiza. Hakutaka. Alikuwa amepata sababu, na mtu mpweke akipata sababu haiachii hivi hivi.

Alimpigia mkewe simu. "Mama! Gari limekwisha!"

"Usinitanie."

"Limebaki breki tu. Siwezi peke yangu."

Kule upande wa pili mama alicheka, kicheko kile chake cha kuanzia puani, na mzee akajikuta ameketi juu ya tairi bila kujua ameketi saa ngapi. "Haya," mama alisema. "Nitakuja."

Alisafisha nyumba mpaka ikamshangaa. Viti vya sebule vikarudi sebuleni. Aliosha mapazia, yakachuja rangi, akayatundika hivyo hivyo. Mama alifika kwa basi la jioni akiwa na begi dogo la mkononi, na jicho la mzee lilianza kwenye begi kabla ya kufika usoni. Lilikuwa begi la mtu wa kulala na kuondoka. Akajifanya hakuliona.

Asubuhi yake walitoa upepo. Kanyaga, nimekanyaga, shikilia, nimeshikilia, mtaa mzima ukatoka milangoni kusikiliza, na fundi cherehani akasimamisha kazi akapiga makofi kila gurudumu lilipokwisha. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Wakazunguka mtaa kwa gari, mama mbele amevaa miwani yake, anapungia watu mkono kama bibi harusi, na mzee ameshikilia usukani kwa mikono miwili, meno yote nje. Alisema moyoni, nimeshinda.

Siku ya tatu mama alikunja nguo zake. "Mtoto atanitafuta," alisema.

Lo! Sijui niseme nini. Lile gari alilolifufua ili limlete mama nyumbani, safari yake ya kwanza ya maana ikawa kumpeleka mama stendi. Njia nzima mzee alikuwa akilipanga neno la kumzuia. Walipofika, akazima injini, akamgeukia, akafungua kinywa, akasema, "Tairi la mbele kushoto lina upepo kidogo."

"Lijaze basi, baba," mama alisema, akamgusa bega, akashuka.

Nyumba aliyoirudia mzee ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Mwanzo alikuwa na milango ya gari ujiani na kabureta mezani, vitu vya kugombana navyo. Sasa kila kitu kilikuwa mahali pake. Alilifuta gari vumbi lisilokuwapo. Aliliwasha, akalizima. Alikaa ndani yake gerejini, kiti cha dereva, akatazama ukuta.

Na hapa ndipo ninapotaka kumshika shati mzee wa watu nimwulize, ebo, ulikuwa na akili gani? Maana asubuhi moja alichukua spana ndogo, akaingia chini ya gari, akailegeza nati ya gurudumu la nyuma. Akatoka, akaikanyaga pedali kwa mguu wake mwenyewe, akaiachia, akaikanyaga, akaiachia, huku nati iko wazi, mpaka upepo ukajaa mle ndani tele. Akafuta mafuta yaliyomwagika, akayafuta mara mbili, akakaza nati. Kutoa upepo kunataka watu wawili. Kuuingiza, mmoja anatosha.

Akapiga simu. "Mama! Breki zimelegea tena."

"Zote?" mama aliuliza.

"Za nyuma."

"Fundi cherehani hayupo akusaidie?"

"Mgonjwa," mzee alisema, na wakati huo huo fundi alikuwa akiimba kwa nguvu upande wa pili wa ukuta.

Mama alikuja tena, na begi lile lile. Kulipokucha alivua viatu, akaingia kwenye gari, akasogeza kiti mbele kama kawaida yake. Mzee alitandika gunia chini, akajisukuma mpaka kwenye gurudumu la nyuma, akavalisha mrija kwenye nati na kuutumbukiza upande wa pili katika chupa. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeiba sukari.

"Kanyaga!"

Mama alikuwa ameinama dirishani, anatazama sakafu.

"Mama! Kanyaga!"

"Nimekanyaga," mama alisema. "Imezama mpaka chini." Kisha akapaza sauti ili amsikie. "Baba, sakafu ya gereji ni kavu!"

"Nini?"

"Sakafu ni kavu! Breki zikivuja, sakafu hulowa! Upepo huu uliingiaje?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa fupi kama urefu wa gari lake. Alikuwa amelala chali, pua yake karibu iguse chuma, hana pa kukimbilia. Alifikiria kusema mpira umechoka. Alifikiria kusema mafuta ni ya bandia. Mwishowe akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa sauti ndogo, "Nilifungua nati."

"Sikusikii!"

"Nilifungua nati mimi! Niliingiza upepo mwenyewe!"

"Kwa nini?"

"Ili uje!"

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Mzee alianza kujivuta atoke, kisigino kikikwaruza sementi.

"Kaa huko huko," mama alisema. "Usitoke. Nikikuona uso sitasema."

Akakaa. Na mama akaanza kusema, maneno ambayo mtu huyasema kwa kunong'ona chumbani, akiyapigia kelele gerejini mlango ukiwa wazi, kwa sababu mumewe hasikii. Sauti ilikuwa ikimkatika katikati, anaivuta tena.

"Unajua katika nyumba hii mimi nilikuwa naitwa lini? Ukitaka mguu! Unarudi kazini, unakula, unaingia humu. Mimi niko jikoni nasikia spana zinagonga. Nilidhani ni masikio, nikasema maskini hasikii. Nikaja nikasimama mbele yako na chai mkononi, ukanisogeza kwa kiwiko ili upate mwanga! Gari lilipokufa nikasema afadhali, sasa atarudi ndani. Ukaendelea kuingia humu kukaa na maiti yake!"

Mzee alifunga macho.

"Siku ya breki ndiyo iliyokuwa siku yangu. Unaniita, naitika. Unaniita, naitika. Unajua ilikuwaje ukawa unalazimika kurudia gurudumu lile lile mara kwa mara, unalaani nati, unalaani aliyezitengeneza? Mimi nilikuwa naachia mguu kabla hujakaza. Kusudi! Ili tuanze upya."

Ng'ambo ya ukuta kiti kilisogezwa kwa adabu, nyayo zikaondoka. Fundi cherehani alikuwa mmbea, lakini hata umbea una mpaka wake.

Mtu aliyelala chali akilia, machozi humwingia masikioni. Bado Kidogo aliyaacha yaingie. Alikuwa amebana spana kifuani kwa mikono yote miwili, na aliona miaka yote ile ikipita juu yake, yeye chini, mwenzake juu, bati katikati. Upweke huu uliokuwa ukimla kila jioni, aliouona ni wake peke yake duniani, mkewe alikuwa ameula zamani, humu humu ndani, mume akiwa hatua chache tu kutoka jikoni.

"Nisamehe," alisema. "Rudi, mke wangu. Nitabadilika."

"Sijui, baba." Sauti yake sasa ilikuwa imechoka. "Sikudanganyi. Kule mtoto akiamka, neno la kwanza ni bibi. Naulizwa nimelalaje. Sisemi nitarudi, sisemi sitarudi. Lakini usinivute tena kwa breki. Ukinikumbuka, niambie umenikumbuka."

"Mimi mambo hayo sijui kuyasema."

"Najua hujui," mama alisema. "Ndiyo maana niliondoka."

Gari lililala juu ya jeki, halina habari. Kisha mama akapiga kamasi, akakohoa, akasema, "Haya, nikanyage au nisikanyage?"

"Kanyaga."

Wakamaliza kazi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyeachia mapema. Kesho yake mzee alimpeleka stendi, akambebea begi mpaka mlangoni mwa basi, akasimama pale mpaka basi likageuza likapotea, na watu wakawa wanampigia honi atoke njiani.

Tangu hapo, kila siku alishika simu. Naijua shida yake, msimcheke. Mtu aliyezoea kuzungumza juu ya kitu kilichoharibika, mpe siku ambayo hakuna kilichoharibika, amekwisha. Alitembea nyumba nzima akitafuta ubovu. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha, akafurahi, akashika simu, halafu akaiweka chini akalitengeneza bomba. Bawaba ya mlango ililia, akaitia mafuta. Aliingia gerejini akakagua gari boneti hadi buti, na gari, kwa ubaya wake, lilikuwa zima. Hata tairi la kushoto lilikuwa limejaa.

Ilikuwa saa kumi za alasiri, jua limepinda kwenye kibaraza cha jirani. Akasimama katikati ya gereji, mikono misafi, haina hata doa la grisi. Akapiga.

"Haloo, baba," mama aliitikia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mtoto. "Kuna nini kimeharibika?"

"Hakuna."

"Breki?"

"Ngumu kama jiwe."

"Maji yanatoka?"

"Yanatoka."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?"

Mzee alilitazama gari, gari halikumsaidia. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa ikienda, tiki tiki tiki, na yeye na masikio yake hakuwa na habari kwamba kila neno lake lilikuwa likivuka. Akafumba macho kama mtu anayetaka kuruka mtoni, akasema, na akasema kwa ile sauti yake ya kiwandani, mtaa mzima ukasikia, "Nimekukumbuka!"

Cherehani ikasimama.

Alidhani simu imekatika, akaibandua sikioni akaitazama, akairudisha. Akamsikia mtoto akiuliza, "Bibi, nani huyo?" Hakusikia mtoto alijibiwa nini. Alisikia mlango ukifungwa, na kelele za kule zikabaki nje.

"Baba," mama alisema, "ngoja nivute kiti."